Afisa Mambo ya Nje au Mtumishi wa Shirika la Kimataifa: Uanzie Mlango Upi?

Mhitimu wa Tanzania anayetaka kazi ya diplomasia ana milango miwili mikuu. Wa kwanza ni Wizara ya Mambo ya Nje na Ushirikiano wa Afrika Mashariki, ambako anaajiriwa na Serikali kama Afisa Mambo ya Nje. Wa pili ni sekretarieti za mashirika ya kimataifa: Umoja wa Mataifa, Umoja wa Afrika kule Addis Ababa, Jumuiya ya Afrika Mashariki pale Arusha. Wengi huomba kote kwa wasifu ule ule, wakidhani ni kazi moja inayolipwa tofauti.

Ni kazi mbili, na milango yake imejengwa kinyume. Wa Wizara ni mpana kwa asiye na uzoefu, kisha unabana kadiri umri unavyosogea. Wa kimataifa umebana mwanzoni, unafunguka ukishafikisha miaka mitano au saba ya kazi inayohesabika. Kwa hiyo kabla ya kuuliza wapi wanalipa vizuri, jiulize una miaka mingapi na umeshafanya nini.

Unamsemea nani

Afisa wa Wizara husema maneno ya Serikali. Akiwa Geneva na msimamo alioletewa kutoka Dodoma haumwingii akilini, bado atausoma kama ulivyo. Nafasi yake ya kubisha ilikuwa kwenye dokezo, yaani waraka wa ndani wa ofisi, kabla uamuzi haujatoka. Wapo watu wenye akili nyingi sana ambao kazi hii imewashinda kwa sababu hiyo moja tu.

Mtumishi wa Umoja wa Mataifa yuko upande mwingine kabisa. Ibara ya 100 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa inamkataza kuomba au kupokea maelekezo ya serikali yoyote, ya kwao ikiwemo. Mtanzania aliye New York katika sekretarieti akipigiwa simu na mtu wa nyumbani amwombe "aisukume kidogo" hoja ya nchi, jibu lake kikazi ni hapana. Anayetaka kuitumikia Tanzania kwa jina lake asiende huko akidhani ndiko kuna uwanja mkubwa zaidi.

Kinga nazo hazilingani. Mkataba wa Vienna wa 1961 unamlinda mwanadiplomasia aliye kituoni: hakamatwi, makazi yake hayapekuliwi, hashtakiwi kwa jinai katika nchi aliyopokelewa. Ila kinga ni mali ya nchi iliyomtuma, na Ibara ya 32 inairuhusu nchi hiyo kuiondoa. Nchi mwenyeji nayo ina Ibara ya 9, inayoiwezesha kumtangaza kuwa hatakiwi bila kutoa sababu yoyote. Ibara ya 42 inamzuia kufanya biashara au kazi ya kujipatia faida binafsi huko aliko, kwa hiyo ile ndoto ya kusafirisha magari kutoka Japani ukiwa Katibu wa Pili ubalozini Tokyo iishie kwenye ndoto.

Kinga ya mtumishi wa Umoja wa Mataifa ni nyembamba zaidi. Chini ya Mkataba wa 1946 analindwa kwa maneno na matendo ya kazi yake rasmi tu. Kinga kamili kama ya balozi imewekwa kwa Katibu Mkuu na wasaidizi wake wa juu. Hati ya kusafiria ya bluu ya Umoja wa Mataifa haikuokoi kwenye kesi ya kugonga mtu kwa gari jioni ya Jumamosi.

Kazi yenyewe ya kila siku

Afisa kijana wa Wizara huanzia Mtumba, Dodoma. Kazi yake kubwa ni kuandika: taarifa fupi ya kumwezesha Waziri kuzungumza na mgeni kwa dakika kumi, muhtasari wa mazungumzo, dokezo sabili la kuomba kibali, na noti ya kidiplomasia, ile inayoandikwa kwa nafsi ya tatu, isiyo na sahihi kamili bali herufi za mwanzo za jina na muhuri. Kosa moja la jina rasmi la nchi kwenye noti hurudisha waraka wote. Itifaki nayo ina watu wanaoidharau mpaka siku bendera ya mgeni itakapotundikwa juu chini.

Ubalozini mambo hubadilika. Tanzania ina balozi zaidi ya 40, na nyingi ni ndogo. Penye maofisa watatu au wanne, wewe huyo huyo ndiye siasa, uchumi, konseli na itifaki. Asubuhi unamshughulikia Mtanzania aliyepoteza pasipoti, mchana unawasindikiza wafanyabiashara wa korosho, usiku unaandika ripoti ya mkutano. Kusafirisha maiti ya Mtanzania aliyefia ugenini bila bima ni kazi yako pia, na hakuna shule inayoifundisha vizuri.

Umoja wa Mataifa hununua utaalamu mwembamba. Hauajiri "mwanadiplomasia". Unaajiri ofisa wa masuala ya siasa, mtaalamu wa haki za binadamu, ofisa ununuzi, mtakwimu, mwanasheria, ofisa wa ulinzi wa wakimbizi. Shahada ya uhusiano wa kimataifa pekee, isiyo na ujuzi wa kushikika pembeni yake, ndiyo iliyo na ushindani mkali kuliko zote. Mhasibu aliyefanya kazi kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu anaweza kumpita mhitimu wa diplomasia mwenye alama za juu.

Kuingia Wizarani

Nafasi ya kuanzia ni Afisa Mambo ya Nje Daraja la II. Hutangazwa kupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na maombi hupitia Ajira Portal. Fani zinazokubalika hutajwa kwenye tangazo lenyewe na huweza kubadilika, kwa hiyo soma la mwaka wako, usitegemee la mwaka wa kaka yako. Mambo ya nje ni jambo la Muungano, hivyo Mzanzibari na Mbara wanagombea nafasi ile ile.

Wengi hukatwa kabla hata jina halijafika mezani, kwa mambo haya:

- Kuambatisha hati ya matokeo ya kidato cha nne au cha sita badala ya cheti chenyewe, au matokeo ya muda ya chuo. Hayapokelewi.
- Shahada ya nje ya nchi isiyohakikiwa na TCU, Tume ya Vyuo Vikuu. Uhakiki huchukua muda. Anza siku uliyorudi nyumbani, usisubiri tangazo.
- Majina yasiyolingana kati ya cheti cha kuzaliwa, kidato cha nne, shahada na NIDA. Kama majina yalibadilika, hati ya kisheria ya kubadili jina iwepo tayari.
- Barua isiyo na sahihi. Inasikitisha kuliko zote, kwa sababu ni dakika moja tu.

Kuna mtego mwingine ambao watu huugundua wakiwa wamechelewa. Kama tayari umeajiriwa serikalini kwenye nafasi ya kuingilia, mathalani mwalimu au afisa mtendaji, matangazo hukukataza kuomba nafasi nyingine ya kuingilia. Njia yako ni uhamisho au kubadilishiwa kada, nayo inategemea mwajiri wa sasa akuachie na Wizara ikuhitaji. Kwa hiyo aliyeingia serikalini "kwa muda tu, huku nikisubiri Mambo ya Nje" huenda amejifungia mlango mwenyewe.

Asiye mtumishi wa umma anatakiwa awe raia wa Tanzania mwenye umri usiozidi miaka 45. Uraia pacha haupo kwa mtu mzima. Ukichukua wa nchi nyingine, kazi hii imekwisha. Kenya ni tofauti kidogo: Katiba ya 2010 inaruhusu uraia pacha, lakini Ibara ya 78 inawazuia maofisa wa dola kuwa nao. Ajira kule hupitia Tume ya Utumishi wa Umma, na mafunzo yako chini ya Chuo cha Huduma za Kigeni kinachotambuliwa na Sheria ya Huduma za Kigeni ya 2021.

Usaili huwa wa mchujo, yaani wa kuandika, kisha wa ana kwa ana. Watu hawaangushwi na nadharia. Wanaweza kueleza uhalisia na uliberali kwa nusu saa, lakini wakiulizwa Tanzania inapakana na nchi ngapi wanahesabu vidole mpaka saba na kuishia hapo (ni nane). Jua kwamba nchi ilijitoa COMESA (soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika) mwaka 2000 na ikabaki SADC (jumuiya ya maendeleo ya Kusini mwa Afrika) na Jumuiya ya Afrika Mashariki, na uweze kueleza kwa nini hilo bado linasumbua mazungumzo ya ushuru. Jua kwamba Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko Arusha. Sera ya Mambo ya Nje ya 2001 na toleo lake la 2024 uzisome zenyewe, si muhtasari wa mtandaoni. Aliyefaulu lakini nafasi zikaisha huwekwa kwenye kanzidata, na wapo waliopangiwa kazi kutoka humo, kwa hiyo simu na barua pepe zako zisibadilike ovyo.

Chuo cha Kurasini, kilichoanzishwa 1978 na Tanzania na Msumbiji na ambacho leo kinaitwa kwa jina la Dkt. Salim Ahmed Salim, hutoa stashahada ya uzamili inayomfaa mwenye shahada ya sheria, uchumi au lugha. Kwa mwenye shahada ya uhusiano wa kimataifa tayari, pesa hiyo itamfaa zaidi kwenye lugha. Kifaransa kinafungua Kinshasa, Bujumbura na Geneva kwa pamoja. Kiarabu kina wachache, na Ghuba kuna Watanzania wengi wanaohitaji huduma.

Kuingia kimataifa

Umoja wa Mataifa una kundi la P, la wataalamu wa kimataifa. Kundi la G (watumishi wa kusaidia) na la NO (wataalamu wazawa) huajiriwa kwa masharti ya nchi husika. Miaka ya uzoefu imefungwa kwa ngazi: P-2 miaka 2, P-3 miaka 5, P-4 miaka 7, P-5 miaka 10, ikichukuliwa una shahada ya uzamili. Ukiwa na shahada ya kwanza tu, huongezwa miaka miwili kwa kawaida.

Hesabu yenyewe ndiyo inayowaangusha watu. Kazi ya nusu siku huhesabiwa nusu. Kazi mbili za wakati mmoja hazijumlishwi. Chuo chako kinatakiwa kionekane kwenye kanzidata ya dunia ya vyuo vikuu; ukiandika jina lake la zamani au kifupi, mfumo utakuona huna shahada. Kisha fomu: Mtanzania huandika majukumu ("nilihusika na uratibu wa mikutano") wakati msomaji anatafuta ulichokibadilisha ("nilipunguza muda wa kusajili wajumbe kutoka siku tatu hadi moja kwa kuhamishia fomu mtandaoni"). Usaili nao huuliza mifano ya matukio halisi: eleza siku mliyogombana na mwenzako kazini, ulifanya nini, kikatokea nini. Jibu la "mimi hushirikiana na kila mtu" halipewi alama.

Njia isiyohitaji uzoefu ni YPP, mpango wa vijana. Masharti ni shahada ya kwanza, umri usiozidi 32 mpaka mwisho wa mwaka wa maombi, Kiingereza au Kifaransa fasaha, na uraia wa nchi iliyomo kwenye orodha ya mwaka huo. Orodha hubadilika, na mwaka ambao nchi yako haimo, hata uandike barua ya machozi hupiti. Fani za mtihani pia hubadilika. Ukifaulu unaingia kwenye orodha ya kusubiri, na kusubiri huko si ajira. Wapo wanaomaliza muda wao orodhani bila kupangiwa kituo.

Kuanzia G jijini Dar es Salaam au Nairobi ni kazi nzuri yenye masharti mazuri, lakini usiihesabu kuwa ngazi ya kwanza ya kuelekea P. Kwenda P utashindana upya kama mtu wa nje. Nairobi inastahili kutajwa peke yake: ni makao makuu ya UNEP (shirika la mazingira) na UN-Habitat (shirika la makazi), na Mwafrika Mashariki anaweza kujenga uzoefu pale kwa kujitolea kupitia UNV bila kwanza kuvuka bahari.

Tahadhari ya sasa hivi: tangu 2025 Umoja wa Mataifa umekuwa ukipunguza nafasi chini ya mageuzi ya UN80, kwa kuwa michango ya wanachama imechelewa au imepungua. Wazoefu waliopoteza nafasi zao wanagombea zile zile unazozitaka wewe. Anayekuahidi kazi ya Umoja wa Mataifa kwa ada ya "usajili" ni tapeli. Hakuna ada katika hatua yoyote.

Arusha na Addis Ababa ni hadithi nyingine. Jumuiya ya Afrika Mashariki huwapa wataalamu wake mkataba wa miaka mitano unaoongezwa mara moja, kisha basi. Nafasi hugawanywa kwa mgao wa nchi wanachama, ambazo sasa ni nane. Tangazo huweza kusema wazi kwamba waombaji wa nchi fulani wasiombe kwa kuwa mgao wao umejaa. Soma mstari huo kabla ya kupoteza wikiendi kwenye fomu. Umoja wa Afrika nao una mgao, na kwa kijana wa miaka 18 hadi 35 kuna mpango wake wa kujitolea wa miezi 12. Kiswahili ni lugha rasmi ya Umoja wa Afrika, na hapo mfasiri na mkalimani mahiri ana nafasi ambayo New York hana, kwa kuwa Kiswahili hakimo kati ya lugha sita rasmi za Umoja wa Mataifa.

Pesa, pensheni na watoto

Afisa aliye Dodoma hulipwa ngazi ya mshahara ya utumishi wa umma kama maofisa wenzake wa wizara nyingine. Tofauti huanza akipangiwa kituo: posho ya utumishi wa nje, nyumba, matibabu, ada za watoto. Siku akirudishwa, vyote hukatika. Kwa kawaida utakaa nje miaka mitatu hadi minne, na aliyezoesha familia maisha ya Brussels bila kuweka akiba huanguka vibaya Dodoma. Jenga kabla hujarudi.

Umoja wa Mataifa humlipa mtu wa P mshahara wa msingi pamoja na marekebisho ya gharama za kituo, na humrudishia sehemu ya ada za watoto akiwa nje ya nchi yake. Ukipangiwa nchini kwako, hiyo ya ada haipo. Wa G na NO hulipwa kwa kipimo cha waajiri bora wa nchi husika.

| Jambo | Serikali ya Tanzania | Umoja wa Mataifa |
|---|---|---|
| Umri wa juu wa kuingia | 45 | 32 kwa YPP |
| Mchango wa pensheni, mtumishi | 5% | 7.9% |
| Mchango wa pensheni, mwajiri | 15% | 15.8% |
| Muda wa chini ili upate pensheni | miaka 15 | miaka 5 |
| Kustaafu | 55 kwa hiari, 60 kwa lazima | 65 kwa walioingia tangu 2014 |

Mstari wa pensheni ya miaka mitano una uzito kuliko unavyoonekana. Mikataba mingi ya Umoja wa Mataifa ni ya mwaka au miwili. Ukiondoka kabla ya miaka mitano, unarudishiwa michango yako na riba, ile 15.8% ya mwajiri inabaki kwenye mfuko.

Mwenzi wako yuko wapi katika mpango huu? Mke au mume wa mwanadiplomasia kwa kawaida hawezi kuajiriwa katika nchi mwenyeji mpaka pawepo makubaliano kati ya nchi hizo mbili, na hata yakiwepo kibali kinaombwa kupitia wizara ya kule. Daktari au wakili aliyeolewa na afisa huweza kukaa miaka minne bila kugusa taaluma yake. Lizungumzeni kabla ya barua ya uhamisho, kwa sababu baada ya hapo mnazungumza mkiwa mmekasirika.

Ubalozi

Wengi huingia Wizarani wakilenga kuwa balozi. Ngazi za nje ni Katibu wa Tatu, wa Pili, wa Kwanza, Mshauri, Waziri Mshauri, kisha balozi. Ila hiyo ya mwisho haipandwi kwa miaka ya kazi. Balozi huteuliwa na Rais, na wateule hutoka pia jeshini, kwenye siasa na vyuoni. Salim Ahmed Salim alipelekwa Misri mwaka 1964 akiwa na umri wa miaka 22, lakini nchi ilikuwa changa na wasomi wa kuhesabika. Leo panga maisha yako ukijua unaweza kustaafu ukiwa Waziri Mshauri, na ujiulize kama hilo linakutosha. Umoja wa Mataifa nao una dari lake: juu ya P-5 siasa za nchi wanachama huanza kuonekana waziwazi.

Upange vipi

Uliye chini ya miaka 28 na huna uzoefu, Wizara ndiyo iliyo karibu nawe. Omba, na YPP uitazame kila mwaka kama bahati ya pembeni. Mwenye miaka 35, uzamili na miaka saba ya kazi kwenye fani ya kushikika anapata zaidi kimataifa. Wizarani angeanza Daraja la II pamoja na vijana aliowafundisha. Anayetaka ardhi yake, wazazi wake na uhakika wa kazi asidanganywe na mshahara wa dola wa mkataba wa miezi kumi na miwili.

Kutoka Wizarani kwenda kimataifa ni rahisi kuliko kurudi. Afisa aliyekaa New York kwenye Kamati ya Tano ya Baraza Kuu, inayojadili bajeti, anaijua sekretarieti kuliko waombaji wengi, na sheria za utumishi zinaruhusu kuazimwa au kuchukua likizo bila malipo. Kwanza lakini uthibitishwe kazini, na muda wa majaribio ni miezi 12. Barua ya kibali iwe mkononi kabla hujasaini mkataba wa kule, na uulize kwa maandishi nani atalipa michango yako PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, katika kipindi hicho, kwa sababu miezi isiyochangiwa haitahesabiwa kwenye ile miaka 15. Ukiondoka huku barua "ipo njiani", siku tano za kutoonekana kazini zinatosha kufungua mashtaka ya utoro.